Matetemeko ya Kale katika Tarikhi za Waarabu

Mashine za kupimia matetemeko ya ardhi zina umri wa zaidi kidogo ya karne moja, ilhali ufa mkubwa wa ardhi waweza kutulia mamia ya miaka kabla ya kufyatuka. Kwa sababu hiyo wanaochunguza hatari ya matetemeko Syria, Lebanon na Misri hurejea tarikhi za Waarabu wa zama za kati. Ibn al-Qalanisi wa Damascus aliandika mfululizo wa mitikisiko ya miaka ya 1150 akiwa papo hapo. Al-Suyuti wa Cairo (1445–1505) alikusanya habari za namna hiyo katika kitabu kizima.

Swali la kwanza la mtafiti ni hili: mwandishi alikuwa wapi? Tetemeko la 1202 laonyesha umuhimu wake. Tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi alikuwa Misri, akalihisi mwenyewe, kisha akanakili barua zilizotoka Hama na Damascus. Aliandika kuwa lilitokea Jumatatu, 26 Shaabani 598 Hijria. Waandishi wengine waliliweka mwaka 597, na kwa muda mrefu orodha za matetemeko zikahesabu mawili. Lakini 26 Shaabani ya 597 huangukia Alhamisi. Ya 598 ndiyo Jumatatu, yaani 20 Mei 1202. Jina la siku, ambalo msomaji wa haraka angelipita tu, ndilo linaloamua.

Idadi ya vifo yataka tahadhari zaidi. Watu 230,000 wanaotajwa kufa Aleppo mwaka 1138 wamo katika vitabu vingi hata leo. Nicholas Ambraseys, aliyetumia miaka mingi kuzipekua habari hizi, alionyesha kuwa hesabu hiyo imechanganywa na ya tetemeko jingine, la Ganja, 1139. Vivyo hivyo, zaidi ya milioni moja wanaohesabiwa kwa tetemeko la 1202 ni pamoja na waliokufa kwa njaa na maradhi Misri baada ya Mto Nile kushindwa kufurika. Kumwamini mwandishi kuhusu siku na mahali hakumlazimishi mtu kuiamini hesabu yake ya maiti.

Uthibitisho unaovutia kuliko wote umo ardhini. Kwenye Mto Yordani, kaskazini mwa Ziwa la Galilaya, Wapiganaji wa Msalaba walianza kujenga ngome ya Vadum Iacob mwaka 1178. Salah al-Din akaiteka Agosti 1179. Ngome ilikaa juu ya ufa wenyewe, na kuta zake, zilizojengwa zikiwa zimenyooka, leo zimekatika na kupishana kwa mita 2.1. Wachunguzi walipolinganisha tabaka za udongo na tarikhi, walikadiria kuwa mita 1.6 zilisogea katika tetemeko lile la Mei 1202, na nusu mita iliyobaki ikasogea katika tetemeko la 1759.