Wanyika au Mazembe? Urithi wa bendi za Tanzania na Kongo katika masikio ya Wakenya

MJADALA kuhusu nani aliyeacha urithi mkubwa zaidi katika muziki wa bendi, Uingereza au Marekani, umedumu kwa zaidi ya nusu karne bila mshindi. Sababu ni kwamba pande hizo mbili zilikopeshana. Vijana wa The Beatles walijifunza kazi kwa kuiga santuri za Chuck Berry na Little Richard kabla ya kutua New York Februari 1964, wakawauzia Wamarekani muziki uliokuwa umetoka kwao. Nao The Rolling Stones walipata jina lao katika wimbo wa Muddy Waters, Mmarekani Mweusi.

Afrika Mashariki ina mjadala wa aina hiyo hiyo. Katika miaka ya 1970 na 1980, jiji la Nairobi lilikuwa makao ya bendi kutoka mataifa mawili jirani: Tanzania, na Kongo ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Wapenzi wa zilizopendwa wangali wanabishana ni upande upi ulioacha mengi.

Manga, kwenye vilima vinavyoutazama mji wa Kisii, ni mahali pafaapo kuupimia ubishi huo. Mkazi wa huko, awe upande wa Nyamira au wa Kisii, huzungumza Ekegusii. Kiswahili alifundishwa shuleni na kukisikia sokoni. Kilingala hakufundishwa na mtu. Bendi zote hizo zilimfikia kwa redio na santuri pekee, zikiimba kwa lugha zisizo za mama yake. Kilichobaki sikioni mwake kilibaki kwa nguvu ya muziki wenyewe.

Kutoka Tanga

Mizizi ya upande wa Tanzania iko Tanga, ambako ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walianzia katika Jamhuri Jazz katikati ya miaka ya 1960. Walihamia Arusha mwaka 1970, na mwaka uliofuata wakavuka mpaka hadi Mombasa, ambako Simba Wanyika ilizaliwa. Miaka michache baadaye walihamia Nairobi.

Kilichowavuta ni viwanda. Tanzania ilikuwa na bendi nyingi na redio iliyozirekodi, lakini haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Nairobi ilikuwa nacho, pamoja na kampuni za kuziuza. Ndiyo sababu hata Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya barabarani Mombasa Januari 1979, alijulikana Kenya kama mwenyeji.

Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa Simba Wanyika, miongoni mwao mpigaji gitaa la rithimu Omar Shabani, maarufu kama Profesa, walijitenga na kuunda Les Wanyika pamoja na mwimbaji John Ngereza. Wimbo wao Sina Makosa ulikuwa utetezi wa mtu anayechukiwa bila kosa, ukisemwa kwa Kiswahili cha kawaida ambacho mtoto wa darasa la nne angekielewa. Issa Juma naye aliondoka baadaye na kuunda Super Wanyika. Wimbo wake Sigalame unamsaka mtu aliyetoweka na kusikika kwamba yuko Bungoma akifanya biashara.

Kutoka Kongo

Upande wa pili uliongozwa na Orchestra Super Mazembe ya Mutonkole Longwa Didos. Bendi hiyo ilianza mwaka 1967 kwa jina la Super Vox na kuingia Nairobi mwaka 1974. Jina jipya lilirejelea matingatinga ya kuchimba ardhi. Baba Gaston alifika katika miaka hiyo hiyo, na mwaka 1977 akaja Samba Mapangala kutoka Uganda akiwa na Les Kinois. Mwaka 1981 Mapangala aliunda Orchestra Virunga, iliyojaza klabu ya Starlight.

Hawa walileta muundo uliokuwa umekomaa Kinshasa: mwanzo wa taratibu wenye sauti tamu zinazopokezana, kisha mwendo unabadilika, magitaa yanachukua usukani na wachezaji wanaachiwa uwanja. Kampuni za London zilivutiwa nao. Virgin ilitoa albamu ya Super Mazembe iitwayo Kaivaska mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1990 Earthworks ikatoa Virunga Volcano ya Mapangala.

Maneno dhidi ya magitaa

Tofauti ya urithi wa pande hizi mbili hujitokeza wazi katika jinsi nyimbo zao zinavyotumiwa leo. Sina Makosa huimbwa na umati neno kwa neno. Watanzania waliacha maneno: hadithi fupi za mapenzi, fitina, deni na safari, zilizotungwa ili zieleweke.

Kasongo, wimbo wa Super Mazembe wa mwaka 1977, una historia tofauti. Ni kilio cha mke anayemtaka mumewe arudi, lakini Wakenya wengi wameucheza maisha yao yote bila kujua hivyo. Ilipofika mwishoni mwa mwaka 2024, vijana walilichukua jina hilo na kumbandika Rais William Ruto kwa kejeli, na wimbo ukavuma upya miongoni mwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa uliporekodiwa. Sauti ilidumu, maana ilijazwa na wasikilizaji.

Hata hivyo, mpaka huo haukuwa ukuta. Wakongo walipoona soko liko wapi, walikigeukia Kiswahili. Shauri Yako, uliotungwa na Nguashi N'Timbo na kupata umaarufu mkubwa Kenya kupitia Super Mazembe, unajulikana kwa Kiswahili chake. Watanzania nao walikuwa wanafunzi wa magitaa ya Kongo tangu enzi ya OK Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1956. Mmoja wa waasisi wake, Vicky Longomba, alikuwa baba wa Lovy Longomba aliyeimba na Super Mazembe, na babu wa ndugu wa kundi la Longombas waliotamba Kenya na Dondosa katika miaka ya 2000.

Gusii ilichukua nini?

Sikio la Gusii halikuwa tupu bendi hizo zilipofika. Lilikuwa limezoea obokano, ala kubwa ya nyuzi nane yenye mngurumo mzito, inayomsindikiza msimulizi katika sherehe na maombolezo. Aidha, benga iliyoanzia kwa majirani Waluo katika miaka ya 1960 ilikwisha kupanda vilima hivyo.

Matokeo yake ni muziki wa Ekegusii unaochanganya yote. Christopher Monyoncho, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa miongoni mwa waliovuma zaidi. Katika benga ya aina yake, gitaa linakimbia na kuachiwa nafasi ya kuchezwa, kama Wakongo walivyozoesha watu. Maneno yanasimulia na kuonya, kama ya akina Wanyika. Redio kama Egesa FM huupiga muziki wa Ekegusii kila siku.

Nani anafaidi?

Wageni hao hawakupokewa kwa mikono miwili na kila mtu. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kucheza zaidi muziki wa Wakenya, agizo ambalo halikudumu. Katikati ya miaka hiyo masharti ya vibali vya kazi kwa wanamuziki wa kigeni yalikazwa. Super Mazembe ilivunjika mwaka 1985. George Kinyonga alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo. Profesa Omar alifuata mwaka 1998, na Ngereza mwaka 2000.

Swali lililobaki ni la mali. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kwa hivyo warithi wa George Kinyonga wanalindwa hadi mwisho wa 2042, na wa Monyoncho hadi mwisho wa 2063. Rekodi yenyewe, ambayo aghalabu humilikiwa na kampuni, hulindwa kwa miaka 50 tangu mwaka iliporekodiwa. Rekodi za Nairobi za mwishoni mwa miaka ya 1970, Kasongo ikiwemo, zinakaribia ukomo huo.

Jamaa wa mtunzi, awe wa Tanga, Lubumbashi au Manga, wanahitaji kuthibitisha kwa maandishi nani alitunga wimbo upi. Bila hilo, nyimbo zitaendelea kuchezwa harusini na kwenye simu huku malipo yakikosa mwenyewe.