Damu na Karatasi: Wamormoni katika Nchi ya Guadalupe

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hawakutueleza mambo yatakuwaje pale mgeni atakapokaa, akajenga, akazaa, kisha akazishika funguo za nyumba na kumwambia mwenyeji asubiri barazani. Kisa cha Wamormoni nchini Meksiko ni kisa cha mwenyeji aliyeipokea dini ya mgeni kwa moyo mkunjufu, kisha akaulizia funguo.

Meksiko ililelewa katika Ukatoliki tangu Wahispania walipouteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521. Kwa karne tatu hapakuwa na dini nyingine iliyoruhusiwa kuabudu hadharani. Benito Juárez na wenzake ndio walioulegeza mlango huo kwa sheria zao za mageuzi, ikiwemo ile ya mwaka 1860 iliyotoa uhuru wa kuabudu. Kupitia mlango huo, miaka kumi na mitano baadaye, kikaingia kijitabu.

Kijitabu hicho kilikuwa na sehemu teule za Kitabu cha Mormoni kwa Kihispania, na kilichapwa mwaka 1875. Mmoja wa wafasiri wake alikuwa Meliton Trejo, Mhispania aliyewahi kuwa mwanajeshi. Nakala zilipelekwa kwa watu mashuhuri wa Meksiko, na mojawapo ikamfikia Plotino Rhodakanaty, mwanafikra mwenye asili ya Kigiriki aliyekuwa akihubiri ujamaa na kuwasomesha wakulima. Yeye na wenzake wachache walibatizwa katika Jiji la Meksiko mwaka 1879. Hata hivyo hakudumu. Alitamani jumuiya ya kugawana mali sasa hivi, na alipoona haiji, akajitenga. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo waumini wa Meksiko walikuwa na matarajio yao wenyewe, wala hawakuwa watu wa kuitikia tu.

Mwaka 1885 likaja wimbi la aina nyingine. Serikali ya Marekani ilikuwa imekaza kamba dhidi ya ndoa za mitala kwa sheria ya mwaka 1882, na familia za Kimormoni zikavuka mpaka na kuanzisha makazi ya Colonia Juárez na mengineyo katika Chihuahua, baadaye Sonora. Walipanda miti ya matunda, wakajenga nyumba za matofali na shule nzuri, wakazungumza Kiingereza. Waliishi ndani ya Meksiko bila kuwa wa Meksiko. Mapinduzi yalipopamba moto, maelfu yao walikimbilia Marekani mwaka 1912.

Wenyeji hawakuwa na pa kukimbilia. Katika kijiji cha San Marcos, jimbo la Hidalgo, kiongozi wa tawi dogo la waumini alikuwa Rafael Monroy, mwenye duka. Mwezi Julai 1915 wapiganaji wa upande wa Zapata walimkamata pamoja na mwenziwe Vicente Morales, wakawashutumu kwa kuficha silaha na kwa kufuata dini ya wageni. Monroy alitakiwa aikane imani yake. Alikataa, na wote wawili wakapigwa risasi. Tangu siku hiyo ikawa vigumu kusema kwamba imani ile haikuwa na mizizi katika udongo wa Meksiko.

Swali la funguo likaja baada ya mwaka 1926, serikali ilipoanza kutekeleza kwa ukali katiba ya 1917, iliyokataza makasisi wa kigeni. Wamisionari Wamarekani wakaondoka, na wenyeji wakayaendesha makanisa yao wenyewe. Basi wakauliza: ikiwa tunaweza kuongoza, kwa nini tusiongozwe na Mmeksiko? Nguvu ya swali hilo ilitoka katika Kitabu cha Mormoni chenyewe. Kitabu hicho kinasimulia juu ya Walamani, uzao wa familia iliyotoka Yerusalemu, na kinawaahidi kurejeshewa utukufu. Elimu ya leo ya nasaba inaonyesha kuwa asili ya watu wa kale wa Amerika ni Asia. Lakini kwa Margarito Bautista, aliyechapisha kitabu kikubwa juu ya jambo hilo mwaka 1935, ahadi ile ilimaanisha kwamba mwenye asili ya Kihindi hakuwa mwanafunzi wa milele; alikuwa mrithi.

Mwaka 1936 waumini walikusanyika katika mkutano ulioitwa Kongamano la Tatu, wakadai kiongozi Mmeksiko kwa asili na damu. Wakati huo misheni iliongozwa na Harold Pratt, mzaliwa wa makazi ya kaskazini. Kwa karatasi alikuwa Mmeksiko. Kwa damu, lugha na malezi, wao hawakumhesabu hivyo. Viongozi wa Utah walikataa, na takriban theluthi moja ya waumini wakajitenga chini ya Abel Páez. Wakuu wao walitengwa na kanisa mwaka 1937. Hata hivyo hawakubadili mafundisho. Waliendelea kusali, kubatiza na kujenga, kwa miaka kumi. Bautista peke yake alikwenda mbali zaidi, akaanzisha jumuiya yake huko Ozumba, yenye mali ya pamoja na ndoa za mitala.

Suluhu ilipatikana mwaka 1946, rais wa kanisa, George Albert Smith, alipokwenda Meksiko mwenyewe. Adhabu ya kutengwa ilipunguzwa, na watu wapatao 1,200 wakarejea. Lakini kiongozi wa damu waliyemtaka hakuja siku hiyo. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1967 ndipo Agrícol Lozano akawa Mmeksiko wa kwanza mwenye asili ya wenyeji kuongoza kigingi.

Ukuaji mkubwa ulifuata baada ya hapo, wala si kwa sadfa. Wanakijiji walikuwa wakimiminika mijini, mbali na parokia za wazee wao. Kanisa lilijenga shule nyingi, na mwaka 1964 likafungua ile ya Benemérito de las Américas katika mji mkuu. Fundi au mwalimu wa kawaida aliweza kupewa uongozi bila kupitia seminari. Hekalu la Jiji la Meksiko liliwekwa wakfu mwaka 1983, na mwaka 2004 kanisa likatangaza waumini milioni moja.

Hata hivyo, sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu watu takriban 338,000 tu waliojitaja kuwa wa kanisa hilo, huku daftari zake zikiwa na zaidi ya milioni moja. Daftari humhesabu kila aliyebatizwa na ambaye hajafa wala kuomba kufutwa. Sensa humsikiliza mtu anavyojitaja mwenyewe mlangoni pake. Baina ya hesabu hizo mbili wamo maelfu waliozama majini siku moja, kisha wakarudi kimya kimya kwa mama zao na kwa Bikira wa Guadalupe.

Waliobaki ni wachache kuliko karatasi inavyodai, lakini si wageni tena. Wengi wamezaliwa humo, na baadhi yao ni vitukuu vya watu waliokaa miaka kumi nje ya mlango, wakiimba nyimbo zile zile zilizokuwa zikiimbwa ndani.