Lango Ndani ya Uti wa Mgongo: Wall, Melzack na Elimu ya Maumivu

Ukijikwaa kidole cha mguu gizani, mkono hutangulia akili. Kabla hujajua umejikwaa kwenye nini, umeshainama unakisugua kidole, na maumivu yanapoa. Kila mama anajua hivyo, ndiyo maana mtoto akianguka humpapasa goti. Sayansi ya Magharibi ilichukua karne tatu kueleza kwa nini.

Kilichoichelewesha ni picha moja. Katika kitabu cha René Descartes kilichochapishwa miaka ya 1660, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki, amechorwa mvulana aliyesogeza mguu karibu na moto. Uzi mwembamba unapanda kutoka unyayoni hadi kichwani. Moto ukigusa, uzi huvutwa, nao ubongo husikia kama kengele ya kanisa iliyovutwa kamba. Kwa hesabu hiyo, jeraha kubwa lina maumivu makubwa, na pasipo jeraha hapana maumivu. Ubaya wake ulimwangukia mgonjwa: aliyelia bila kidonda kinachoonekana alihesabiwa mwongo, au alipelekwa kwa daktari wa akili.

Ushahidi wa kuipinga picha hiyo ulikuwepo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mmarekani Henry Beecher aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya huko Italia kama wanahitaji dawa ya kutuliza maumivu. Ni robo hivi tu waliokubali. Kwa upande mwingine, walikuwepo watu waliokatwa miguu ambao waliendelea kuumwa na vidole wasivyokuwa navyo tena.

Ronald Melzack, mwanasaikolojia kutoka Montreal, aliwasikiliza watu wa aina hiyo akiwa kijana Oregon. Kabla ya hapo, katika Chuo Kikuu cha McGill, alikuwa ameshuhudia mbwa waliolelewa upwekeni tangu utotoni wakipeleka pua kwenye njiti ya kiberiti inayowaka, wakiungua, kisha wakirudia. Patrick Wall, Mwingereza mzaliwa wa Nottingham, alikuwa daktari aliyebobea katika kupima umeme wa seli za uti wa mgongo. Walikutana mwaka 1959 katika chuo cha MIT, na Novemba 1965 wakachapisha makala katika jarida la Science.

Walisema hivi: ndani ya uti wa mgongo kuna lango. Nyuzi nyembamba za neva huleta habari za jeraha na kulifungua, ilhali nyuzi nene, zinazoleta habari za mguso, hulifunga. Ubongo nao hutuma amri kutoka juu, ukaliachia au ukalibana kwa kadiri ya hofu, matumaini na yale mtu aliyowahi kuyapitia. Kidole kinachosuguliwa kikapata maelezo yake, na askari aliyejeruhiwa Italia naye akapata yake.

Wenzao walipopima upya walikuta sehemu kadhaa za mchoro ule hazikuwa sahihi. Kwangu mimi hilo halipunguzi heshima yao. Wazo la msingi, kwamba uti wa mgongo huchuja habari wala si kamba tu, limesimama hadi leo. Tena Wall hakukaa kungoja wengine wampime. Yeye na daktari wa upasuaji William Sweet walijichoma sindano zenye umeme hafifu usoni mwao wenyewe, kisha wakawajaribia wagonjwa 8 wa maumivu sugu. Mwaka 1967 waliripoti kwamba dakika 2 za umeme ziliwapa 4 kati yao nafuu ya zaidi ya nusu saa. Vifaa vya umeme wanavyobandikwa wagonjwa mgongoni katika vyumba vya fiziotherapia vina asili yake hapo.

Mchango wa Melzack ninaoupenda zaidi ni wa maneno. Alikusanya maneno ambayo wagonjwa huelezea maumivu yao, akayapanga, na mwaka 1975 akatoa dodoso lenye maneno 78 katika makundi 20. Mwaka huohuo lilianza jarida la Pain, mhariri wake wa kwanza akiwa Wall. Katika maabara ya Wall huko London, mtafiti Clifford Woolf alionyesha mwaka 1983 kwamba jeraha huweza kuuacha uti wa mgongo ukiwa mwepesi wa kuumia kuliko awali.

Wall alifariki 2001, Melzack 2019. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilirekebisha fasili yake ya maumivu na kuambatanisha agizo: mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe.

Kiswahili hakikosi maneno ya kuelezea maumivu. Kichwa huwanga, jino hupwita, tumbo husokota, ubavu hushikwa na kichomi, mguu huwaka moto. Daktari au muuguzi unayesoma hapa, usiyafupishe yote kuwa "anaumwa". Andika kwenye faili neno lilelile alilolitamka mgonjwa.