Desemba 1980: Kampala ilivyoshangilia kabla ya tangazo la Muwanga

KAMPALA. Uganda huadhimisha Januari 26, siku NRA, jeshi la msituni la Yoweri Museveni, ilipoingia Kampala mwaka 1986. Huadhimisha pia Juni 3 ya Mashahidi na Juni 9 ya Mashujaa. Desemba 10 haimo kwenye orodha hiyo. Siku hiyo mwaka 1980, wananchi walipanga foleni kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu ule wa 1962, uchaguzi uliokusudiwa kuitoa nchi mikononi mwa wanajeshi. Desemba ikifika, wafuasi wa vyama vya DP na UPC hukumbushana nani aliibiwa. Kwetu Watanzania kuna swali jingine, zito zaidi: wasimamizi tuliokuwapo tulifanya nini?

Njia ya kufika hapo inajulikana. Rais Idi Amin wa Uganda alivamia Kagera Oktoba 1978. Jeshi la Tanzania (JWTZ) na wapiganaji wa Uganda wakaiteka Kampala Aprili 11, 1979. UNLF, muungano wa wapinzani wa Amin ulioundwa Moshi mwezi uliotangulia, ukashika serikali. Rais wake wa kwanza, Yusuf Lule, alidumu siku 68. Mrithi wake, Godfrey Binaisa, naye aling'olewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga, Yoweri Museveni akiwa makamu wake. Mwezi huohuo Milton Obote, kiongozi wa UPC, alirejea kutoka Tanzania, alikohifadhiwa tangu Amin alipompindua.

Muwanga alikuwa mtu wa Obote, na hakuna aliyekuwa na shaka juu ya hilo. Ndiye pia aliyepewa kazi ya kuandaa uchaguzi. Alimwondoa Jaji Mkuu Wambuzi na kubadilisha baadhi ya wakuu wa wilaya, watu ambao ndio wangesimamia upigaji kura. Wagombea 17 wa UPC walipita bila kupingwa. Yote haya yalifanyika huku maelfu ya askari wa Tanzania wakiwa bado nchini na gharama zikiielemea hazina yetu. Mwalimu Nyerere alitaka uchaguzi ufanyike, vijana warudi nyumbani.

Jumuiya ya Madola, chini ya Katibu Mkuu Shridath Ramphal, ilituma waangalizi wakiongozwa na Balozi Ebenezer Debrah wa Ghana. Walikuta ugomvi wa masanduku ya kura. DP ilitaka kila kituo kiwe na sanduku moja kwa vyama vyote. UPC ikashikilia kila chama kiwe na lake. UPC ikashinda hoja hiyo. Mpigakura alipewa karatasi, akaingia kwenye kizimba, akaitumbukiza kwenye sanduku la chama chake: jembe ni DP, kiganja ni UPC. Lakini DP ya Paul Kawanga Ssemogerere ilipata jambo kubwa kuliko masanduku: kura zihesabiwe palepale vituoni, mbele ya mawakala.

Asubuhi ya Desemba 10 vifaa vilichelewa, hasa Kampala. Watu walisimama juani saa nyingi na hawakuondoka, hadi muda ukaongezwa kuingia siku ya pili. Hesabu zilipoanza kutoka vituoni, mawakala wa DP walizipeleka makao makuu. Kufikia jioni ya Desemba 11 chama kiliamini kimeshapata wingi wa viti, na mitaa ya Kampala ikalipuka kwa vifijo.

Ndipo Redio Uganda ikasoma tangazo la Muwanga. Hakuna msimamizi mwenye ruhusa ya kutangaza matokeo. Yote yapelekwe kwake kwanza, yeye ndiye aamue kama uchaguzi ulikuwa huru na wa haki, na uamuzi wake usihojiwe mahakamani. Atakayekiuka atatozwa faini ya shilingi 500,000, afungwe miaka mitano, au vyote viwili. Shangwe zikakatika usiku uleule.

Waangalizi walimkabili, na siku iliyofuata akalegeza amri. Hapo walitenda vema. Lakini matokeo yalipoanza kutoka tena, UPC ndiyo iliyokuwa mbele, na ikaishia na viti zaidi ya 70 kati ya 126. Waangalizi wakaorodhesha kasoro zote, kisha wakasema kwamba kwa jumla uchaguzi ulikuwa halali na ungeakisi utashi wa wananchi. Kauli hiyo ndiyo iliyobebwa duniani. Obote akaapishwa mwezi huohuo.

Mimi naona pale ndipo marafiki wa Uganda walipoiacha mkono. Saa za giza, wakati karatasi za matokeo zikiwa kwa mtu mmoja mwenye bunduki, zilitosha kuwafanya waangalizi wasite kutoa muhuri wao. DP ilikubali kuingia bungeni kama upinzani. Museveni, aliyeshindwa kiti cha ubunge cha Mbarara Kaskazini na Sam Kutesa wa DP (ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wake wa mambo ya nje), aliingia msituni: Februari 6, 1981 wapiganaji wake walishambulia kambi ya jeshi ya Kabamba. Vita vilivyofuata viliteketeza eneo la Luweero.

Chini ya utawala wa Museveni, tangu 2005 vyama vingi vimerudi, ukomo wa mihula ya rais ukaondolewa, na mwaka 2017 ukomo wa umri nao ukafutwa. Mfuko wa wafadhili wa kusaidia demokrasia, DGF, ulifungwa mwishoni mwa 2022. Ssemogerere, aliyeiongoza DP mwaka 1980, alikuwa amefariki Novemba mwaka huohuo.

Bila shaka serikali yetu inazo nyaraka za 1979 hadi 1981: maagizo, taarifa za makamanda, barua kati ya Ikulu na Kampala. Zifunguliwe sasa, wakati waliosimama kwenye foleni zile bado wapo wa kuzisoma.