Kuhamia Porini Kusubiri Kiama: Kanungu na Shakahola kwa Mizani ya Kasulu na Kibondo

Historia ya Afrika Mashariki ina makundi mawili ya watu waliohamia maeneo ya mbali kwa sababu ya maangamizi: waliokimbia maangamizi yaliyokwisha kutokea na waliohama ili kuyasubiri. Nyanda za juu za Kigoma zinahusu kundi la kwanza. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, Warundi wengi waliingia Kasulu na Kibondo. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015 kambi ya Nduta ikafunguliwa upya kuwapokea Warundi.

Kundi la pili linaonekana Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Wafuasi wa Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, lililoongozwa na Credonia Mwerinde na Joseph Kibwetere, waliuza mali zao, wakaishi pamoja na kuwasiliana kwa ishara. Utabiri kwamba dunia ingekwisha tarehe 31 Desemba 1999 haukutimia. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada. Nchini Kenya, Paul Mackenzie alifunga kanisa lake mjini Malindi mwaka 2019, na wafuasi wakahamia msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Mahubiri yake yalikuwa yamelaani shule, hospitali na Huduma Namba. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa humo. Mackenzie amekana mashtaka.

Ni kawaida kueleza vifo hivyo kwa mafundisho ya siku za mwisho. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa makanisa yanayohubiri kurudi kwa Kristo yalistawi pia katika kambi za Kigoma bila msiba wa namna hiyo. Tofauti iko katika mahusiano yaliyobakizwa. Kambini, watoto walifundishwa kwa mitaala ya nchi walizotoka, kwa matarajio ya kurejea. Wakimbizi walibadilishana chakula, bidhaa na kazi na Waha wa vijiji jirani. Waliopoteza kila kitu walitunza njia ya kurudi. Kanungu na Shakahola, aliyeuza shamba lake hakuwa na pa kurudi, na mtoto aliyeondolewa shuleni hakuwa na mwalimu wa kugundua kwamba hayupo.

Wala umbali wa mahali hautoshi kueleza misiba hiyo. Vuguvugu la Kanungu lilikuwa limeandikishwa serikalini. Mackenzie alikwisha kukamatwa zaidi ya mara moja kabla ya 2023. Dola iliwajua viongozi, lakini haikuwafuatilia wafuasi. Waliokuwa na sababu ya kuwaulizia kila siku, yaani jirani, mwalimu, muuguzi na ndugu, ndio waliokwisha kutengwa nao. Kwa hiyo, uchunguzi wa jumuiya zinazojitenga unapaswa kupima, kabla ya imani yao kuhusu kiama, kama mwanajumuiya anaweza kuondoka, na kama yupo mtu wa nje atakayemkosa asipoonekana.