Mjumbe na Daftari

Mwaka juzi hapa Narung'ombe tulinyang'anywa mbuzi. Nasema tulinyang'anywa kwa sababu mbuzi yule tulikuwa tumeshamtafutia mpaka chumvi. Yalikuwa mashindano ya ndondo: timu nane, kiingilio shilingi 30,000 kwa kila timu, bingwa anaondoka na mbuzi na seti ya jezi. Mimi nilikuwa katibu wa timu yetu, yaani mtu wa kuandika majina na kukimbizana na vijana wasiolipa. Kanuni tuliyosomewa siku ya kwanza ilisema kila mchezaji awe mkazi wa kata. Siku ya nusu fainali wapinzani wetu wakashusha kutoka kwenye bodaboda mastraika watatu ambao hakuna mtu wa hapa aliyewahi kuwaona hata gulioni. Tukalalamika. Tukaambiwa kanuni imebadilishwa. Lini? Kwenye kikao. Kikao cha nani na nani? Na hiyo kanuni mpya tuisome wapi?

"Ipo kwenye daftari."

Daftari liko wapi? Hapo ndipo watu wakaanza kutazama saa zao. Tulifungwa tatu bila.

Kamati ile siitaji jina, maana tunaonana kila siku na bado tunasalimiana. Ninachotaka kusema ni kwamba mwaka huu wamenifuata. Wanataka kamati iwe na mjumbe wa wachezaji, na wameona mtu mwenyewe niwe mimi. Washkaji kijiweni wananipongeza, wengine wameanza kuniita mheshimiwa. Mimi nikaomba siku tatu za kufikiri. Na katika siku hizo tatu, ndugu msomaji, kilichonisaidia ni historia ya mchezo usio na mpira wala uwanja, uliotengenezwa mbali sana na sisi.

Mchezo huo unaitwa EVE Online. Ni mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, uliofunguliwa Mei 2003 na kampuni ya CCP ya Reykjavík, mji mkuu wa Iceland. Kuucheza sijaucheza, simu yangu inaomba radhi hata nikifungua picha mbili kwa mpigo. Lakini nimeusoma kama mtu anavyosoma habari za ufalme. Michezo mingi ya namna hii huwagawa wachezaji kwenye nakala mbalimbali za dunia ile ile. Huu, ukiwaacha wachezaji wa China waliowekewa dunia yao, uliwakusanya wote kwenye ulimwengu mmoja wa nyota maelfu. Humo watu huchimba madini, hujenga vyombo vya anga, hufanya biashara na kupigana vita. Karibu kila kitu kinachouzwa kimetengenezwa na mchezaji mwenzako. Na chombo chako kikilipuliwa, kimekwenda. Kazi ya miezi mitatu inaweza kuwa moshi kwa dakika moja.

Hebu fikiri basi nguvu aliyonayo mtengenezaji wa ulimwengu kama huo. Yeye ndiye anayeandika kanuni. Anaweza kuumba mali bila kuchimba hata jiwe moja. Wakati huo huo wafanyakazi wa kampuni waliruhusiwa kucheza kama watu wengine, kwa majina ya bandia, ndani ya vikundi vya kawaida. Refa naye yumo uwanjani kavaa jezi, ila jezi yenyewe huijui.

Mwaka 2007 mambo yakaharibika. Ilijulikana kwamba mfanyakazi mmoja wa kampuni, aliyejulikana kwa jina la t20, alikipa kikundi chake ramani adimu za kutengenezea vyombo, ramani ambazo wengine walizipata kwa bahati nasibu na zilikuwa mgodi wa utajiri. Kikundi hicho kilikuwa ndani ya Band of Brothers, muungano uliokuwa na nguvu kuliko yote wakati ule. Na habari hiyo haikutolewa na kampuni. Ilitolewa na mchezaji aliyechokonoa mambo ya ndani ya muungano huo na kuyaanika hadharani. Ndipo t20 akakiri na kuomba radhi. Kampuni ikaunda kitengo cha kuwachunguza wafanyakazi wake yenyewe, lakini mwenye kosa hakufukuzwa kazi wakati ule, na wachezaji wengi hawakuridhika. Miezi michache baadaye yakaja madai mengine ya upendeleo.

Sasa angalia walichofanya. Mkuu wa kampuni, Hilmar Veigar Pétursson, alitangaza kwamba wachezaji watachagua wawakilishi wao tisa, nao watasafirishwa hadi Iceland kwenda kuikagua kampuni na kurudi kuwaeleza waliowachagua. Kukagua! Neno zito hilo. Mwaka huo huo kampuni iliajiri mchumi, Dakta Eyjólfur Guðmundsson, akawa anatoa taarifa za uchumi wa mchezo kila baada ya miezi mitatu: bei, bidhaa, mzunguko wa fedha. Yaani sehemu ya daftari ilifunguliwa, kila mtu akasoma.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Mei 2008, na mwezi uliofuata wajumbe wakaketi Reykjavík. Lakini baraza lililozaliwa halikuwa lile la ahadi. Halikuwa la wakaguzi tena, lilikuwa la washauri. Wajumbe walipeleka hoja za wachezaji, wakasikilizwa, muhtasari wa vikao ukatolewa. Mambo mengine waliyoonyeshwa walitia sahihi kwamba hawatayasema nje. Silidharau baraza hilo. Ni watu wachache duniani waliowahi kuchagua wawakilishi wa kwenda kuongea na mwenye ulimwengu wao. Ila kati ya mkaguzi na mshauri kuna umbali. Mkaguzi hulifungua daftari mwenyewe. Mshauri husomewa kurasa alizochaguliwa.

Umbali huo ulionekana Juni 2011. Kampuni ilifungua duka la mavazi ndani ya mchezo, na miwani ya jicho moja ikauzwa kwa bei ya zaidi ya dola 60 za kweli. Watu wakacheka, kisha wakakasirika. Kicheko kiliisha kabisa lilipovuja jarida la ndani ya kampuni lililojadili kuuza vitu vingi zaidi kwa fedha, halafu ikavuja na barua ya mkuu mwenyewe kwa wafanyakazi wake. Hofu ya wachezaji ilikuwa moja: kesho watauza na ushindi. Wakakusanyika kwa vyombo vyao kwenye kituo kikubwa cha biashara cha Jita, wakaimiminia risasi sanamu iliyokuwa hapo, usiku na mchana. Sanamu haikuvunjika, maana haikutengenezwa kuvunjika, lakini ujumbe ulifika. Wengine wakafunga akaunti zao, wakaacha kulipa.

Baraza likaitwa Reykjavík kwa dharura. Wajumbe wakakaa na kampuni siku mbili, wakatoka na tamko kwamba hakuna mpango wa kuuza vitu vya kumpa mtu nguvu ya kushinda. Lakini waliofunga akaunti hawakurudi wote mbio. Oktoba mkuu wa kampuni aliomba radhi kwa maandishi, na mwezi huo huo takriban asilimia 20 ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Hapa ndipo nilipofunga simu nikatoka nje kidogo. Watu waliokuwa na kiti mezani walikuwepo miaka mitatu nzima kabla ya dhoruba ile. Dhoruba haikuzuiwa na kiti. Ukweli ulitoka kwa kuvuja, kama mwaka 2007.

Wala nisiwafanye wajumbe malaika. Mwaka 2012 mwenyekiti wa baraza, aliyepata kura nyingi kuliko wote, alisimama kwenye mkutano wa wachezaji na kumfanyia mzaha mchezaji aliyekuwa na mawazo ya kujiua. Akaomba radhi, akajiuzulu uenyekiti na kufungiwa kucheza siku 30. Na mwaka 2019 kampuni ilimwondoa mjumbe mmoja barazani, ikitangaza hadharani kwamba amevujisha siri. Uchunguzi uliporudiwa, ushahidi haukuonekana, kampuni ikamwomba radhi. Kumbe siri inaweza kumgeukia hata aliyeapa kuitunza: umetuhumiwa mbele ya watu, na daftari la kukusafisha limefungwa kabatini.

Usiseme haya ni mambo ya Wazungu na vyombo vya anga. Nenda Nachingwea ukaulize habari za karanga. Mwaka 1946 watu watatu wakiongozwa na John Wakefield walizunguka Tanganyika kwa wiki chache, wakaandika kwamba inaweza kulimwa karanga ya kuwapa Waingereza mafuta ya kula. Kazi ikaanza 1947, Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Matrekta yakaja, msitu ukang'olewa, bandari ikajengwa Mtwara, reli ikaingia mpaka Nachingwea. Karanga hazikukubali. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba basi, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Vitabu hivyo vilisomwa bungeni London. Mwenye ardhi, aliyejua udongo wake na mvua zake, hakuwa na kiti wala daftari. Reli nayo ilikuja kung'olewa miaka ya 1960.

Mjomba wangu, ambaye baba yake alibeba mataruma ya reli ile, nilimweleza habari zote mbili, ya nyota na ya karanga. Akasikiliza huku anabangua korosho. Kisha akasema, "Sasa mpwa wangu, wewe wanakupa kiti au wanakupa daftari?"

Nikamwambia wanasema kiti, na kwamba mambo ya kikao yabaki kikaoni.

"Basi wamekununulia kofia," akasema. "Siku ya mvua itakulowa wewe."

Historia hii imenifunza jambo moja, na nalisema bila longolongo: mjumbe asiyeliona daftari si mjumbe wa wachezaji, ni mjumbe wa kamati kwa wachezaji. Kazi yake itakuwa kutuliza. Siku mastraika wa bodaboda wakishushwa tena, watu hawataiuliza kamati, wataniuliza mimi, nami nitatazama saa. Na daftari bila mjumbe halitoshi pia. Litabandikwa ukutani nani aulize swali? Wale wa Iceland walipata vyote viwili nusu nusu, na kila palipopungua nusu mojawapo pakawaka moto. Hata hivyo walikuwa na silaha moja ambayo nasi tunayo: mchezo bila wachezaji haupo. Waliofunga akaunti walisikika kuliko waliopiga sanamu.

Jana jioni nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati. Shikamoo, marahaba, nikakaribishwa kigoda. Nikasema nakubali, kwa masharti mawili. Kanuni ziandikwe na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo kabla ya mechi ya kwanza, na kubadili kanuni katikati ya mashindano kuwe marufuku. Mapato na matumizi yasomwe uwanjani kabla ya fainali, mbuzi akiwepo. Nikaongeza kwamba manahodha watano wa timu nyingine tumeshaongea, na bila hayo timu zetu hazilipi kiingilio.

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akaingia ndani, nikasikia sanduku linafunguliwa. Akatoka na daftari la kurasa mia, jalada limechakaa, akalishika kifuani.

"Njoo kesho," akasema, "kuna hesabu nataka kwanza niziweke sawa."

Nimemwambia nitakuja leo, kabla hazijawekwa sawa. Nikimaliza kuandika hapa ndiyo naondoka.