Mboga za Kiamboni na Mkono wa Sheria

Anayeandika historia ya kilimo nchini Kenya huanzia kwenye kahawa, chai na mahindi, kwa kuwa mazao hayo ndiyo yaliyoacha nyaraka. Mnavu, mgagani na kunde za majani zilibaki kiamboni, nyuma ya jiko, mikononi mwa akina mama, huku mafunzo ya kilimo tuliyoyarithi kwa mkoloni yakisifu kabichi na kuzihesabu mboga zetu kuwa magugu.

Mimi naona kwamba dharau hiyo, kwa namna ya ajabu, iliziokoa. Kila boma lilibaki na chaguo lake: mnavu wa matunda ya rangi ya chungwa au ule wa matunda meusi, mgagani wa shina la kijani au wa shina la zambarau. Mbegu zilikaushwa, zikachanganywa na majivu, zikawekwa kibuyuni. Jirani aliyeishiwa aliomba, akapewa. Kupeana huko ndiko kulikokuwa hifadhi yenyewe, vizazi vingi kabla ya benki ya taifa ya mbegu kuanzishwa Muguga mwaka 1988.

Kisha ikaja sheria. Katiba ya 2010, katika ibara ya 11, iliagiza Bunge kulinda mbegu za asili na matumizi yake katika jamii. Miaka miwili baadaye Bunge lilelile likairekebisha Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea. Kuuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa kukawa kosa la kifungo cha hadi miaka 2, au faini ya hadi shilingi milioni 1. Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi, maana mbegu bandia za mahindi zimewatia wakulima hasara kubwa. Lakini kanuni iliyofaa gunia la mahindi ilitwishwa kijiko cha mbegu za mgagani!

Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Hata hivyo, ndugu zangu mlio maofisini, hukumu hairudishi aina iliyokwisha kupotea. Ningependa afisa wa kilimo wa kila wadi aende na daftari kwa akina bibi, aulize mbegu hii inaitwaje, waliipata kwa nani, na nani mwingine bado anayo.